Likasi: Kumsaidia mtoto mkubwa bila kuuza uzee wa mzazi

Mjini Likasi, habari ya mfanyakazi anayekaribia kupokea pesa zake za mwisho wa kazi hufika nyumbani kabla ya pesa zenyewe. Kijana wa kwanza anataka kununua pikipiki ya kubeba abiria. Wa pili amebakiza mwaka mmoja wa chuo kikuu. Binti ameachana na mumewe na amerudi kwa wazazi na watoto wawili. Mdogo wa baba ana mgonjwa hospitalini. Hakuna hata mmoja wao anayeomba jambo la upuuzi. Na kwa kuwa kila ombi lina haki yake, mzee anaweza kumaliza akiba ya miaka 30 ya kazi katika miezi sita bila kununua hata kitu kimoja cha anasa.

Jambo hili huzungumzwa kwa sauti ya chini, kwa sababu linagusa heshima. Baba anayesema « hapana » anaonekana mchoyo, na mtoto anayeuliza pesa ni ngapi anaonekana anangojea kifo. Lakini Likasi ina sababu ya pekee ya kulizungumza waziwazi. Mji huu ulikwisha kujifunza somo hili kwa bei kubwa, na sasa kizazi kingine cha wafanyakazi kinafika mlango uleule.

Dola 4,000 na maisha yaliyobaki

Mwaka 2003, Gécamines ilikuwa kivuli cha ile ya zamani. Kampuni iliyotoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa haifikishi tena hata tani 20,000. Mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto, kule Kolwezi, ulikuwa umebomoka mwaka 1990. Mitambo ilikuwa imechakaa, na wafanyakazi walikuwa wamekaa miezi mingi bila kuona mshahara.

Hapo serikali, kwa pesa za Benki ya Dunia, ikaanzisha mpango ambao wakaaji wa Katanga wanaujua kwa jina lake la Kifaransa, « Opération Départs Volontaires », yaani kuondoka kazini kwa hiari. Uliwalenga wale waliokuwa na miaka 25 ya kazi au zaidi. Wafanyakazi 10,655 wakaondoka, katika Lubumbashi, Likasi, Kolwezi na miji mingine ya kampuni. Malipo yote pamoja yalikuwa karibu dola milioni 43.

Ukigawanya, unapata wastani wa dola 4,000 hivi kwa kila mtu. Kwa mtu aliyezoea kungoja mshahara usiofika, dola 4,000 mkononi zilikuwa pesa nyingi kuliko zote alizowahi kushika kwa mara moja. Kwa mtu wa miaka 50 mwenye mke na watoto saba, zilikuwa pesa kidogo sana. Hesabu ni rahisi. Nyumba inayotumia dola 100 kwa mwezi, kwa unga wa bukari, makala, dawa na sabuni, inamaliza dola 4,000 katika miezi 40. Hiyo ni miaka mitatu na miezi minne. Ukitoa kwanza dola 1,500 za kumwanzishia kijana biashara na dola 1,000 za ndoa ya mwingine, zinabaki dola 1,500, na hizo ni miezi 15 tu.

Kilichofuata kinajulikana katika mitaa ya Panda, Shituru na Kikula. Wengi walianza kwa kulipa madeni yaliyokuwa yamelundikana wakati wa miezi bila mshahara. Wengine walilipa pesa za masomo, kwa sababu siku hizo hata shule ya msingi ya serikali ilimtaka mzazi alipe. Elimu ya msingi bila malipo ilianza kutekelezwa mwaka 2019 tu. Kuna waliojaribu shamba, duka dogo au biashara ya kusafirisha bidhaa, kazi ambazo hawakuwa wamezifanya maisha yao yote. Baada ya miaka michache, wengi wao hawakuwa na kazi, hawakuwa na pesa, na watoto wakubwa walikuwa bado nyumbani.

Wazee hao hawakunyamaza. Waliungana katika kundi la wafanyakazi wa zamani wa Gécamines, wakidai kwamba walicholipwa hakikufikia haki yao kwa sheria ya kazi. Mwaka 2009 malalamiko yao yalifika hadi Washington, mbele ya jopo la ukaguzi la Benki ya Dunia. Madai hayo yana uzito wake na hayapaswi kusahauliwa. Lakini pembeni ya swali la kampuni ilipaswa kulipa ngapi, kuna swali la pili ambalo kila familia inabaki nalo hata ikilipwa vizuri: pesa zikifika, ni za nani?

Kwa nini hawakuweka akiba?

Wapo wanaosema kwamba wazee wa mwaka 2003 walitapanya. Hukumu hiyo ni nyepesi, na inawafanya vijana wa leo waamini kwamba wao, kwa kuwa wana akili zaidi, hawatapatwa na hayo.

Ukweli ni kwamba mfanyakazi wa Gécamines hakufundishwa kamwe kupanga uzee wake. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, Union Minière du Haut-Katanga ilichagua kuwakalisha wafanyakazi kambini pamoja na wake na watoto wao. Iliwapa nyumba, posho, hospitali na shule. Gécamines, iliyochukua mahali pake baada ya kampuni kutaifishwa mwaka 1967, iliendelea hivyo hivyo. Baba alifanya kazi, na kampuni ilifanya hesabu: unga kiasi gani kwa watoto wangapi, shule ipi, daktari yupi. Mtoto wa kiume alikua akijua kwamba siku moja atavaa kofia ya kazi kama ya baba yake. Katika maisha ya namna hiyo, akiba ilikuwa nini? Akiba ilikuwa kampuni yenyewe.

Na wale waliojaribu kuweka pesa pembeni walipata adhabu. Waswahili husema akiba haiozi. Kongo iliona akiba ikioza. Mwezi wa 10 mwaka 1993, zaire milioni 3 za zamani zilibadilishwa kuwa zaire mpya moja. Mwezi wa 6 mwaka 1998, zaire mpya 100,000 zikabadilishwa kuwa franga moja ya Kongo. Maana yake, franga moja ilichukua mahali pa zaire bilioni 300 za zamani. Mtu aliyekuwa ameweka zaire zake benki tangu miaka ya 1980 kwa ajili ya uzee alizikuta si kitu.

Kwa hiyo wazazi walichagua benki nyingine, na benki hiyo ilikuwa mtoto. Kumlipia masomo, kumtafutia kazi, kumwoza vizuri: hizo ndizo amana ambazo hakuna gavana wa Benki Kuu angeweza kuzifuta kwa saini moja. Mzee anayempa mtoto wake pesa zote za mwisho wa kazi anafuata fundisho ambalo nchi yenyewe ilimfundisha. Anaweka pesa mahali alipoona haziozi.

Mahali hesabu inapokosea

Lakini fundisho hilo lina shimo ndani yake. Mtoto ni tegemeo la mzazi pale tu mtoto mwenyewe anapopata kazi. Mji ambao mwajiri wake mkubwa alianguka hauwezi kumhakikishia kijana kazi, hata akiwa na diploma. Wengi walikwenda kuchimba madini kwa mikono, wengine wakahamia Kolwezi na Lubumbashi, wengine wanaendesha pikipiki. Hao si wavivu. Ila kipato chao hupanda na kushuka kwa siku, na mtu asiyejua atakula nini kesho hawezi kuahidi kumlisha baba yake kwa miaka 20.

Hapo ndipo msaada usio na kipimo unapogeuka. Mzee akitoa kila kitu, baada ya miaka miwili anakuwa hana pesa za dawa ya presha. Ni nani atakayezitafuta? Ni mtoto yuleyule aliyesaidiwa, au mara nyingi zaidi ni dada yake, ambaye hakupewa chochote siku ya mgawanyo kwa kuwa « ataolewa », lakini sasa ndiye anayemwogesha na kumpikia mama. Pesa zilizotolewa kama zawadi zinarudi kama deni, tena kwa mtu ambaye hakuzipokea.

Kwa hiyo kumwachia mzee pesa za kula na kujitibu ni njia ya kuwasaidia watoto wote kwa pamoja. Mzazi anayelala ndani ya nyumba yake, anayenunua unga wake na kulipa daktari wake, amewaondolea watoto mzigo mkubwa kuliko pikipiki yoyote angeweza kuwanunulia. Jambo hili halisemwi vya kutosha katika vikao vya ukoo.

Sheria yenyewe inaliona hivyo. Sheria ya familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inaweka utu uzima kuwa miaka 18, na inawafunga wazazi na watoto kusaidiana katika hitaji kwa pande zote mbili. Mtoto ana haki kwa mzazi, na mzazi ana haki kwa mtoto. Haimtaki mzazi ajifukarishe ili mtoto wa miaka 32 asikasirike.

Kizazi kipya mlangoni

Mtu anaweza kusema kwamba hayo ni ya Gécamines, na wakati huo umepita. Haujapita. Sheria ya madini ya mwaka 2002 ilileta makampuni mapya, na leo Kongo inatoa zaidi ya tani milioni 2 za shaba kwa mwaka. Tenke Fungurume ilianza kutoa shaba mwaka 2009. Fundi aliyeajiriwa siku hizo akiwa na miaka 45 amefika au anakaribia 60, na huo ndio umri ambao sheria ya usalama wa jamii ya mwaka 2016 imeuweka kwa kustaafu, kwa mwanaume na mwanamke sawasawa.

Mfanyakazi huyu ana mambo ambayo baba yake hakuwa nayo. Anaweza kuweka akiba kwa dola. Ana benki karibu, na simu yake inapokea na kutuma pesa. Na kila mwezi asilimia 5 ya mshahara wake inakatwa kwa ajili ya CNSS, ile iliyoitwa INSS zamani, huku mwajiri akitoa asilimia 13 juu yake. Lakini kuna kitu kimoja ambacho baba alikuwa nacho na yeye hana: kampuni ya leo haimpi nyumba ya maisha, wala posho, wala ahadi kwamba mtoto atarithi kazi yake. Anapotoka langoni kwa mara ya mwisho, ametoka.

Na watoto wake wanamngoja kwa matumaini yaleyale. Tofauti ni kwamba safari hii familia ina nafasi ya kufanya hesabu mapema.

Hesabu ifanywe kabla ya pesa kufika

Jambo la kwanza ni kwamba mume na mke wajue kiasi, wote wawili. Katika nyumba nyingi, mama hujua pesa zimefika pale anapoona zimekwisha. Mke anayejua kiasi ndiye kizuizi cha kwanza dhidi ya ndugu, rafiki na mchungaji wa ghafla anayekuja na mradi wa kugeuza dola 5,000 kuwa 10,000.

La pili, kitengwe kwanza kile kisichoguswa: nyumba, chakula cha miaka ya mbele, na matibabu. Nyumba isiuzwe wala isiwekwe rehani kwa ajili ya biashara ya mtoto, hata biashara hiyo ikiwa nzuri kiasi gani. Biashara ikianguka, kijana wa miaka 30 anaweza kuanza tena. Mzee wa miaka 63 asiye na nyumba hana pa kuanzia.

La tatu, kinachobaki baada ya hapo ndicho cha watoto, na kitolewe kwa mambo yenye mwisho. Mwaka wa mwisho wa masomo una mwisho. Cherehani, mashine ya kuchomelea vyuma, leseni ya dereva, hivyo vinanunuliwa mara moja na vinabaki mkononi. Lakini kodi ya nyumba ya mtoto mwenye mke, inayolipwa na baba kila mwezi, haina mwisho. Huo ni mshahara, na mstaafu si mwajiri. Ikiwa ni zawadi, isemwe kwamba ni zawadi. Ikiwa ni mkopo, iandikwe na tarehe iwekwe. Ndugu wengi hawasalimiani leo kwa sababu mmoja alipokea zawadi na mwenzake alitoa mkopo, na pesa zilikuwa zilezile.

La nne, isemwe mbele ya watoto wote, wavulana kwa wasichana, pamoja na kiasi kilichotengwa kwa ajili yao. Siri ndiyo inayozaa uvumi kwamba baba ana mali iliyofichwa. Watoto wanaojua kwamba kuna dola 1,200 tu za kugawana wanajifunza kuomba kwa kipimo, na pengine wao wenyewe watasema apewe kwanza yule aliyebakiza mwaka mmoja. Likelemba nyingi za akina mama wa sokoni zinafuata kanuni hii: kila mtu anajua kiasi, zamu na siku. Ndiyo maana zinadumu bila mahakama.

Mzigo si wa familia peke yake

Hata hivyo, itakuwa uonevu kuwaambia wazee wajipange vizuri na kuwaachia hapo wale wanaoshika funguo.

Mwajiri anayekata asilimia 5 kwenye mshahara na asiifikishe CNSS anaiba uzee wa mtu, na anaiba pia kutoka kwa watoto watakaombeba. Kampuni ndogo zinazofanya kazi chini ya makampuni makubwa zikaguliwe, kwa sababu mfanyakazi asiyeandikishwa hugundua hivyo siku anapokwenda kudai pensheni, wakati hakuna tena la kurekebisha. Kila mfanyakazi wa Likasi anapaswa kudai namba yake ya CNSS leo na kulinganisha fishi ya malipo na kile kilichoandikwa kwenye kaunta, akiwa bado na miaka 40. CNSS nayo iwarahisishie kupata jibu hilo.

Pensheni ilipwe kwa tarehe. Pensheni ndogo inayofika kila mara kwa wakati wake ina thamani kuliko mfuko mkubwa wa siku moja, kwa sababu hakuna ndugu anayeweza kuja kuomba pensheni ya miaka kumi ijayo. Hili ndilo fundisho kubwa la 2003: waliokuwa wamefanya kazi miaka 25 walilipwa kana kwamba maisha yao yaliyobaki yangeweza kuwekwa ndani ya bahasha moja. Makampuni yanayopanga kupunguza wafanyakazi leo, na vyama vya wafanyakazi vinavyoketi nao mezani, wasirudie njia hiyo bila angalau kumfundisha anayeondoka, miezi kadhaa kabla, namna ya kupanga pesa zake. Na deni ambalo wazee wa Gécamines wanasema bado wanadai lipewe jibu la wazi, wakiwa bado hai kulisikia.

Kwa vijana, linabaki neno moja. Mtoto mkubwa anayemwomba baba yake msaada hafanyi kosa. Katika mji ambao kazi ni adimu, mara nyingi hana mlango mwingine wa kubisha. Lakini kabla ya kutaja kiasi anachotaka, aulize baba na mama watabaki na kiasi gani, na kitawafikisha mwezi gani. Jibu likiwa ni mwezi wa 12 mwaka huu, basi kiasi anachoomba tayari ni kikubwa mno.